Vyuo vya Kijerumani Nairobi: Asiye na karo afungiwe mlango?

Biashara ya kufundisha Kijerumani jijini Nairobi imeshika kasi tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira jijini Berlin, Septemba 13, 2024, mbele ya Rais William Ruto na Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz. Matangazo ya kozi za ngazi ya A1, ya wanaoanza, hadi B2 humfikia kwenye simu kijana wa Olympic au Gatwekera, katika wadi ya Sarang'ombe, Kibera, kama yanavyomfikia mwenzake wa Kawangware, ng'ambo ya Ngong Road.

Wakati huo zilienea habari kwamba Ujerumani imeahidi Wakenya nafasi 250,000 za kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha na kusema mkataba huo hautaji idadi yoyote. Lakini sharti la lugha liko palepale. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kufika B2, na Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, inakadiria kwamba kufika hapo kunahitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Hizo ni saa 450 hadi 600 za masomo. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha mjengo au meza ya mboga, karo ya ngazi nzima inayodaiwa mapema humzuia kabla hajajifunza hata salamu.

Ndipo linapokuja swali linalowagawa wenye vyuo: je, asiye na karo aruhusiwe kuketi na wanaolipa na kufanya nao mazoezi ya mazungumzo?

Ili kulijibu, tutazame kwanza chuo kinauza nini. Kinauza vitu viwili kwa bei moja: muda wa mwalimu, na wenzako wa kuzungumza nao. Muda wa mwalimu una kikomo. Kila daftari linalosahihishwa hula dakika zake. Wenzako hawapungui hivyo. Kadiri wanavyoongezeka, mwanafunzi husikia lafudhi zaidi, makosa zaidi na majibu asiyoyatarajia. Mtihani wenyewe wa Goethe wa B1 una sehemu nne, kila moja ikidai asilimia 60, na sehemu ya kuzungumza kwa kawaida hufanywa na watahiniwa wawili wawili. Aliyekariri peke yake chumbani ataujua upungufu wake siku hiyo, akiwa ameshalipia mtihani.

Kenya ilishaonja uchungu huo kwa lugha nyingine. Julai 2021 ilikubaliana na Uingereza kupeleka wauguzi huko. Oktoba mwaka huohuo, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu walifaulu. Hawa walikuwa wamesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Kama hao walikwama, anayeanza Kijerumani akiwa na miaka 24 anahitaji mazoezi mengi kuliko yanayotoshea kwenye ratiba ya darasa.

Wenye vyuo wana hoja nzito pia. Kodi ya chumba, umeme na intaneti hazilipiki kwa nia njema, na anayelipa akiona darasa limejaa wasiolipa ataondoka. Sarang'ombe yenyewe ina somo juu ya hilo. Januari 2003 serikali ilipofuta karo za shule za msingi, idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Olympic Primary, iliyosifika kwa matokeo mazuri, ilifurika. Mwaka huohuo mtafiti James Tooley alihesabu Kibera shule 76 za kibinafsi zenye wanafunzi zaidi ya 12,000. Wazazi wasio na uwezo mkubwa waliendelea kulipa ilhali shule ya bure ilikuwa jirani, kwa sababu walimtaka mwalimu anayemwangalia mtoto wao. Uangalizi huo ndio watu wako tayari kuununua, hata bure ikiwa jirani.

Programu ya kujifunzia lugha ya Duolingo nayo inaonyesha kwamba kuwaruhusu wengi bure hakuzuii wengine kulipa: mwaka 2024 ilipata mapato ya takriban dola milioni 748, ilhali anayelipa ni chini ya mtumiaji mmoja kati ya kumi. Lakini mtumiaji mpya wa programu haongezi gharama ya maana; mgeni katika chumba cha Kibera huchukua kiti. Kwa hiyo mlango usiachwe wazi kiholela.

Njia iko. Kodi hulipwa kwa mwezi, chumba kiwe na watu au kiwe kitupu. Basi mazungumzo ya wazi yapangwe saa ambazo hakuna darasa, kwa viti vilivyohesabiwa. Mwanafunzi wa B1 awaongoze wa A1 na apunguziwe karo yake. Kusahihishiwa insha, mtihani wa majaribio na darasa la mwalimu vibaki vya kulipiwa. Chuo nacho kitafaidika: hakuna anayenunua koti la mtumba katika soko la Toi bila kulivaa kwanza, na mteja aliyesikia wanafunzi wa chuo wakizungumza hahitaji bango. Chuo kinachohofia kusikilizwa kina jambo la kujieleza.

Serikali nayo, iliyosaini mkataba, ndiyo yenye wajibu wa kwanza. Ifungue kumbi za umma jioni kwa mazoezi haya, na basari zimfikie pia anayesomea lugha kwa ajili ya kazi. Na wewe unayetafuta chuo, kabla ya kutoa shilingi yako omba kuketi katika mazungumzo ya wanafunzi kwa saa moja. Ukikataliwa, tafuta chuo kingine.