Huduma ya Mbatizwa Kwenye Mizani ya Korosho

Tukiuliza vigangoni mwetu ni nani mwenye huduma katika Kanisa, majibu huja upesi: padre, mtawa, katekista, mwenyekiti wa kigango, wanakwaya na wakusanya sadaka. Mkulima wa korosho aliyeketi benchi la nyuma hatajwi, wala mama aliyeacha ndoo tupu nyumbani ili aiwahi Misa. Hata wao wenyewe hawajitaji. Huu ni upungufu katika katekesi yetu, nasi twapenda kuutazama.

Siku ya ubatizo kila mmoja wetu alipakwa Krisma takatifu, akashirikishwa ukuhani, unabii na ufalme wa Kristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliifafanua imani hiyo ya kale: ukuhani wa waamini wote haupaswi kuchanganywa na ukuhani wa daraja takatifu, lakini kila mmoja wahitaji mwenzake. Namba ya 31 ya hati hiyo yawaelekeza walei mahali pao hasa, nako ni katika malimwengu: kazi, ndoa, biashara, uongozi wa jamii. Kusoma somo la kwanza Dominika ni huduma njema. Hata hivyo, juma lina siku sita nyingine.

Historia ya sehemu zetu yathibitisha kwamba Kanisa halikusimama kwa mapadre peke yao. Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 viliziteketeza misioni zote mbili, na mwaka 1906 wakaanza Ndanda. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza wa Kianglikana, waliokuwa Masasi tangu 1876. Kisha Waingereza walipoitwaa nchi, wamisionari Wajerumani nao wakaondolewa. Walioendelea kufundisha watoto sala na kuwazika wafu walikuwa wenyeji: kwa ndugu zetu Waanglikana, mapadre Waafrika pamoja na walimu, kwetu, makatekista. Twawaheshimu kwa haki, na Baba Mtakatifu Fransisko alipoiweka rasmi huduma ya Katekista mwaka 2021, wengi huku waliona kama babu zao wametajwa. Lakini kumbukumbu hiyo ina hatari yake: yaweza kutufanya tudhani kwamba mlei huhudumu pale tu anaposhika nafasi ya padre asiyekuwapo.

Tutazame basi mahali ambapo padre hayupo kamwe, wala hatarajiwi kuwapo: kwenye mizani ya korosho.

Kila mtu wa Masasi na Newala aijua kangomba. Kabla minada haijafunguliwa, mnunuzi huzunguka vijijini, akapima kwa kopo au ndoo, au akamkopesha mwenye dhiki fedha kidogo ili alipwe korosho ambazo bado zi mtini. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ililazimika kuhakiki mashamba ili kuwatenga wafanyabiashara hao. Hatudhani kwamba wote walikuwa wageni wa mbali. Mtu aweza kupiga magoti asubuhi na kupima kwa kopo jioni, wala asione kwamba ameugawa ubatizo wake vipande viwili.

Lawama, hata hivyo, haitoshi. Anayeuza mapema hufanya hivyo kwa sababu ya mgonjwa, ada ya shule au msiba uliomkuta katika miezi ya njaa. Kwa hiyo jumuiya ndogondogo inayochanga akiba na kumkopesha mwanajumuiya bila riba mwezi Februari yatenda kazi ya kichungaji, ingawa hakuna aliyevaa joho. Karani wa chama cha msingi asiyepunguza kilo za mjane, wala kuishusha korosho yake daraja la pili kwa hila, autumia ufalme aliopewa katika Krisma. Mjumbe wa bodi anayewasomea wasiojua kusoma makato yote ya stakabadhi zao hufanya unabii, na huenda ukamgharimu nafasi yake. Kwa maoni yetu, huyu astahili kuombewa katika Sala za Waamini kama tunavyowaombea wamisionari.

Huko Newala kuna jambo jingine, dogo machoni. Uwanda wa Makonde hunywesha mvua mchangani. Mito juu haipo, na vizazi vya akina mama vimeshuka mabondeni kuteka maji na kupanda tena. Mabomba yamepunguza taabu hiyo bila kuimaliza. Kijana anayempelekea bibi kikongwe ndoo moja haulizi kwanza kama bibi huyo ni Mkristo au Mwislamu, na asiulize.

Mapadre wetu nao wana wajibu hapa: kuwalisha watu hawa Neno na Ekaristi, na kuhubiri juu ya korosho kabla ya msimu, maana zikiisha kuuzwa mahubiri yamechelewa. Minada huanza mwezi Oktoba. Twapendekeza kila jumuiya, katika mkutano wake wa Agosti, iulize kwa upole na kwa siri nani ameshaweka rehani mavuno yake, na deni lake ni kiasi gani.