Kumfundisha Mtoto Mwenye Ulemavu wa Akili Kuishi na Watu

Katika elimu maalumu, kusoma, kuandika na kuhesabu ni sehemu tu ya kazi ya mwalimu. Mtoto mwenye ulemavu wa akili, au mwenye usonji, hufundishwa pia mambo ambayo watoto wengine huyaokota nyumbani pasipo kufundishwa: kuamkia, kungoja zamu, kuomba msaada, kumsikiliza mwenzake, kukataa. Mambo hayo huitwa stadi za jamii. Tumeona vema kuyaeleza hapa kwa sababu wachungaji wengi huyahesabu kuwa shauri la walimu peke yao, hali watoto hao wamo katika sharika zetu, na Kanisa letu lenyewe huwalea shuleni, kama huko Irente, Lushoto.

Tuchukue mfano wa "shikamoo". Kwetu sisi ni neno moja. Kwa mtoto huyu ni kazi yenye hatua nyingi. Yampasa amtambue anayekuja kuwa ni mkubwa kwake, apunguze mwendo, ainame kidogo kwa desturi ya kwao, atamke neno, kisha (na hapa ndipo wengi hukwama) angoje "marahaba" kabla ya kwenda zake. Mwalimu huzigawa hatua hizo, huonyesha moja kwa vitendo, humwacha mtoto aige, humsaidia kwa kumgusa bega au kumwonyesha picha, na humsifu papo hapo. Kadiri mtoto anavyoweza, msaada hupunguzwa kidogo kidogo hata usiwepo tena. Asiyeweza kutamka hufundishwa ishara au hupewa kadi ya picha; salamu haipungukiwi na uzito kwa kukosa sauti.

Msomaji wa Injili atakumbuka kiziwi wa Dekapoli (Mk. 7:31–37). Bwana alimtenga kwanza na makutano, akamgusa masikio na ulimi, akatazama juu mbinguni, ndipo akasema neno. Hatudai kwamba Marko alikusudia kutufundisha ualimu. Hata hivyo, mwalimu wa elimu maalumu asomapo mistari hiyo huona jambo analolijua: kelele huondolewa kwanza, na mwili husemeshwa kabla ya sikio.

Njia nyingine ilianzishwa na mwalimu wa Marekani, Carol Gray, mwaka 1991. Mtoto huandikiwa hadithi fupi inayomweleza jambo litakalotokea, watu watakaokuwapo, na lile analoweza kufanya. Hadithi ya ibada ya Jumapili, kwa mfano, itamwambia kwamba kengele italia, watu watasimama na kuketi mara kadhaa, kwaya itaimba kwa sauti kubwa, naye akisumbuliwa na sauti hiyo anaweza kutoka nje pamoja na mama yake. Mchungaji yeyote anaweza kuiandika akisaidiwa na mzazi.

Ugumu mkubwa huja baadaye. Mtoto aliyejifunza kumwamkia mwalimu wake darasani hukutana na mzee wa kanisa sokoni, akapita kimya. Watu husema ni mkaidi. Sivyo: mara nyingi mtoto wa namna hii hulifunga jambo alilojifunza pamoja na mahali alipojifunzia na mtu aliyemfundisha. Haliwi lake mpaka alirudie dukani, bombani, kituo cha basi, kanisani, na kwa watu mbalimbali. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na shule peke yake. Na mzee asiyejibu "marahaba", kwa kuwa salamu imechelewa au imetamkwa vibaya, hubomoa kwa dakika moja kazi ya miezi. Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi nasi hatuwaelewi wao. Kwa hiyo mafunzo yanayomlenga mtoto tu ni nusu ya mafunzo.

Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa Ulaya na Marekani, na vingi vyao vimesisitiza kwamba mtoto amtazame machoni anayezungumza naye. Kwetu mtoto amkodoleaye macho mkubwa huhesabiwa hana adabu. Isitoshe, watu wazima wenye usonji wameeleza kwamba kulazimishwa hivyo huwatesa na kuwazuia kusikiliza. Katika jambo hili desturi yetu ina huruma kuliko vitabu.

Lakini desturi hiyohiyo ina hatari yake. Tukimfundisha mtoto kuwaamkia wakubwa wote na kuwatii wote, pasipo kumfundisha kukataa, tumemkabidhi kwa yeyote mwenye nia mbaya. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa katika jarida la tiba The Lancet mwaka 2012 ulionyesha kwamba watoto wenye ulemavu hufanyiwa ukatili mara tatu hadi nne zaidi ya wenzao. Tafiti zenyewe nyingi zilitoka katika nchi tajiri. Hatuoni sababu ya kudhani kwamba kwetu hali ni njema zaidi. Basi neno "sitaki", kuondoka mbio, na kumwambia mtu mmoja anayeaminika ni stadi za jamii sawasawa na "shikamoo", na zifanyiwe mazoezi kwa bidii ileile. Mzazi akilalamika kwamba mtoto anafundishwa utovu wa adabu, mchungaji ndiye wa kumweleza.

Limebaki suala la kipaimara. Ziko sharika ambamo mtoto asiyeweza kukariri Katekisimu Ndogo huachwa mwaka baada ya mwaka, hata wazazi huacha kuuliza. Luther aliiandika mwaka 1529 ili watu wa kawaida wafundishwe nyumbani; hakuiandika iwe kizuizi. Mtoto aliyejifunza kungoja zamu darasani anaweza kujifunza kungoja zamu altareni, kupokea kwa mkono na kuitikia kwa ishara. Mazoezi hayo yafanyike siku za juma, kanisa likiwa tupu, mara nyingi kadiri atakavyohitaji; na mchungaji atakayehudumu siku hiyo ndiye awepo, wala si msaidizi wake, kwa kuwa mtoto huyu hutegemea uso anaoujua.