Muhuri wa Kiazi Hauhitaji Fundi

Kinachowazuia wengi kutengeneza mihuri ya mapambo nyumbani ni imani kwamba kazi hiyo ni ya mtu anayejua kuchora na kuchonga. Wanatazama nakshi za mbao zilizochongwa na mafundi, wanalinganisha na mkono wao unaotetemeka na kisu cha jikoni, wanakata tamaa. Hofu hiyo inaeleweka, ila imeelekezwa mahali pasipo pake. Muhuri mmoja ukigongwa peke yake katikati ya karatasi nyeupe utaanika kila kasoro: ukingo uliomeguka, upande uliozidi rangi. Ugonge huohuo mara arobaini kwa safu zilizonyooka, na jicho litaacha kukagua alama mojamoja. Litafuata safu, litapima nafasi zilizoachwa, litaona mdundo. Uzuri wa kazi hii umo katika kurudia na kupanga, na kupanga ni kazi inayowezwa na yeyote anayejua kutandika mkeka ukanyooka na ukuta.

Ushahidi mzuri uko Ntonso, karibu na Kumasi nchini Ghana, mji unaojulikana kwa vitambaa vya adinkra. Mihuri yao huchongwa kwenye vipande vya kibuyu, na rangi nyeusi hupatikana kwa kuchemsha magome ya mti wauitao badie mpaka maji yawe mazito. Kibuyu ni kigumu na kimepinda, hakiruhusu madoido, kwa hiyo alama zenyewe ni nyepesi: mizunguko, pembe, mistari michache minene. Uzito wa kitambaa unatokana na mpangilio. Mafundi hukigawa katika miraba kwa mistari ya rangi, kisha kila mraba hujazwa alama moja inayorudiwa. Mwaka 1817 Mwingereza Thomas Bowdich alichukua kitambaa cha aina hiyo kutoka Kumasi, na leo kimehifadhiwa British Museum. Zana iliyokipamba ilitokana na tunda la bustanini.

Pwani yetu nayo ina somo lake. Mwishoni mwa karne ya 19, kabla viwanda vya Ulaya na India havijaishika biashara ya kanga, kitambaa cha merikani kiligongwa nakshi kwa mkono. Na kanga yenyewe, hata hii ya kiwandani, ni mpango uliokwisha kutatuliwa: pindo linazunguka, mji uko katikati. Anayeanza asibuni mpangilio mpya. Aazime huo: muhuri mmoja wa pindo, mmoja wa mji, basi. Ugumu utamkuta kwenye kona, ambako safu mbili zinakutana na alama ya mwisho mara nyingi haitoshi nafasi. Dawa ni kugonga kona nne kwanza, halafu kujaza kuelekea katikati ya kila upande. Pengo likibaki, linagawanywa kidogokidogo kati ya alama nyingi na hakuna atakayeliona.

Upande wa zana, kiazi mviringo kinatosha. Kikate katikati kwa kisu kirefu, pigo moja bila kupeleka kisu huku na huku, maana uso ukiwa na mawimbi sehemu ya alama haitagusa kitambaa. Kilaze kifudifudi juu ya kitambaa kikavu kwa dakika kumi hivi ili maji yake yanyonywe. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Rangi ikatawanyika kingoni, mtu akailaumu rangi. Chora umbo kwa kalamu, likate kwa wembe kwenda chini kama nusu sentimita, kisha ondoa nyama ya nje kwa kukata kutokea ubavuni. Mistari isiwe myembamba sana, kwani kiazi humeguka. Usikichovye kwenye rangi, kipake kwa sponji, tabaka jembamba. Chini ya kitambaa tandika blanketi kuukuu au magazeti kadhaa, kwa sababu meza tupu ni ngumu mno na huacha mabaka meupe ndani ya alama. Gonga mara mbili tatu kwenye gazeti kabla ya kugusa kazi yenyewe. Wasiotaka hata kuchonga wana bamia: ikikatwa kwa upana hutoa ua lenye vyumba vyake, tayari. Kikonyo cha jani la mgomba hutoa mwezi mwandamo uliojaa vijumba vidogo.

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya watoto, kazi ya kweli inaonekana Kutch, India, ambako vitambaa vya ajrakh hugongwa kwa mihuri ya msaji, mmoja wa mistari, mwingine wa mandharinyuma, mwingine wa kujaza, na yote huangukia mahali pake. Kweli, huo ni ufundi wa vizazi na haujifunzwi Jumamosi moja. Lakini hata huko mchongaji na mgongaji kwa kawaida ni watu wawili tofauti. Anayegonga huthaminiwa kwa jicho la kupanga na mkono usiopotea njia, na stadi hizo mbili zinafundishika kwa kiazi vilevile.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kiazi hunyauka kwa siku moja au mbili. Ni kweli, na kwa nakshi unayotaka kuitumia miezi mingi hakifai. Hapo hamia kwenye raba ya kufutia ya shuleni, au soli ya ndala iliyochakaa ukiigundisha kwenye kipande cha ubao. Kwa wanaoona vibaya kuchezea chakula, kiazi kilichochipua kinafanya kazi sawasawa. Ama rangi kutoka kwenye maji, kosa mara nyingi ni la maandalizi: kitambaa kipya kina wanga na dawa za kiwandani, kifuliwe kwanza, itumike rangi ya kitambaa, iachwe ikauke vizuri, kisha ipigwe pasi ya moto kwa upande wa nyuma kama maelezo ya chupa yanavyotaka.

Kisha kuna duka la kuchapisha. Ukitaka fulana mia zinazofanana za harusi au timu, nenda huko bila aibu, watazifanya haraka na safi kuliko wewe. Muhuri wa nyumbani unashinda kwenye vitu vichache na vya aina mbalimbali: foronya, bahasha, kitambaa cha meza, karatasi ya zawadi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, muuza karanga au sabuni anafungia bidhaa zake kwenye karatasi ya kaki isiyo na jina wala pambo. Raba moja na kidau cha wino vinampa alama yake mwenyewe bila kuagiza shehena ya mifuko iliyochapishwa.

Wapo wanaoogopa sheria, maana kwetu muhuri ni mamlaka: cheti kisichogongwa hakisomwi. Kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kudanganya, na ua la bamia halidanganyi mtu. Mpaka uko wazi: usichonge nembo ya serikali, jina la ofisi wala sahihi ya mtu. Jina la biashara yako ni halali yako, ila lichongwe kinyume ili lisomeke likigongwa. Anza na herufi zisizobadilika zikigeuzwa, kama A, M, O, T na U. Duka liitwalo MAUA huchongwa AUAM, na kila herufi hubaki na umbo lake. Herufi S, N na Z ndizo zinazoponyoka, kwa hiyo ziandike kwanza kwenye karatasi nyembamba, ipindue, uzifuate zinavyoonekana kwa nyuma.