Rekodi za maji ya Mombasa: kubwa, kongwe, fupi na ile inayosubiri mwenyewe

Tarehe 27 Januari 2024, meli ya Icon of the Seas iling'oa nanga Miami kwa safari yake ya kwanza ya abiria katika visiwa vya Karibi. Haikuwahi kuelea meli ya abiria kubwa kama hiyo: urefu wake mita 365, sitaha 20, mabwawa saba ya kuogelea, nafasi ya abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Iliundwa kwa kuzifikiria familia, ili baba, mama, nyanya na wajukuu wapate kila mmoja pake pa kustarehe. Picha zake zimezunguka kwenye simu za watoto wa Mombasa kama zilivyozunguka kwa watoto wa dunia nzima, na ni haki yao kuzishangaa.

Ila mtoto wa kisiwani asikubali kuambiwa kwamba rekodi za baharini ziko Karibi peke yake. Maji yanayokizunguka kisiwa hiki yana rekodi zake, na nyingine hazijavunjwa na yeyote. Nimezikusanya hapa, nami sikuangalia urefu wa chombo wala wingi wa taa zake. La kwanza nililouliza ni nani aliyepanda.

Fupi kuliko zote, na yenye watu wengi kuliko zote

Mkondo wa Likoni una upana wa takriban nusu kilomita. Feri imekuwa ikiuvuka tangu 1937, na hadi leo anayekwenda kwa miguu halipi hata senti. Hesabu iliyozoeleka kutajwa ni watu wapatao 300,000 na magari 6,000 kwa siku moja. Tuiweke hesabu hiyo kando ya Icon of the Seas: ili kubeba abiria wa Likoni wa siku moja, meli hiyo kubwa ingelazimika kujaa pomoni karibu mara 40. Na kama ingeletwa hapa ikawekwa kikingama, omo upande wa kisiwani na tezi upande wa Likoni, ingekula sehemu kubwa ya mkondo wote.

Ukitaka kuiona familia ya Mombasa iko safarini baharini, usiende kwingine. Nenda Likoni Jumapili alasiri, au siku ya Idi. Watoto wamevaa nguo mpya, kina mama wamebeba vikapu, vijana wanasukuma mikokoteni, na wote wanateremka pamoja mlango wa feri unapogusa saruji. Juu, kwenye sitaha ya MV Jambo, feri iliyoundwa Uturuki na kufika hapa 2017, kuna upepo mzuri kabisa na unaiona bahari kuu upande mmoja na makreni ya Kilindini upande wa pili. Safari yenyewe huisha kabla mtoto hajamaliza pakiti yake ya kachiri. Halafu ipo starehe ya pili isiyo na nauli: kuketi bustani ya Mama Ngina, kula viazi vya karai na mhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, na kuzitazama meli zikipita karibu kiasi cha kuweza kuyasoma majina yake.

Rekodi nyingine ya maji hayo hayo ni ya huzuni, na sitaipita kimya. Asubuhi ya 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa mita chache tu kutoka nchi kavu, ikiwaleta watu kisiwani kazini na sokoni. Walikufa watu 272. Hakuna ajali ya feri iliyoua watu wengi zaidi ya hao nchini Kenya. Jirani zetu nao wana tarehe zao: MV Bukoba katika Ziwa Victoria, 21 Mei 1996, na MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba, 10 Septemba 2011. Vyombo vyote vitatu vilikuwa vimepakia kupita uwezo wake. Kwa hiyo ninaposifu wingi wa abiria wa Likoni, nasifu uvumilivu wa watu. Kujaza chombo kupita kiasi si jambo la kusifiwa.

Iliyokaa bandarini muda mrefu kuliko zote

Meli ya kitalii hufunga gati asubuhi na kuondoka jioni. Iko moja iliyoingia na haijaondoka tangu 1697. Jina lake ni Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyoundwa Bassein, karibu na Bombay, ikamalizika 1681. Ilikuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa ndani ya Fort Jesus na majeshi ya Oman, katika mzingiro ule ulioanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698, miezi 33 kwa jumla. Ilizama chini ya ngome yenyewe.

Kuanzia 1977 hadi 1980 wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale waliichimbua chini ya maji, wakatoa mizinga, vyungu, vyombo vya kaure na vitu vya matumizi ya kila siku ya mabaharia. Mbao za kiunzi chake walizifunika tena kwa mchanga, na bado ziko pale pale. Vitu vilivyotolewa vimewekwa katika jumba la makumbusho ndani ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa 1593 na ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Nawashauri wazazi wa Mji wa Kale: kabla ya kumpeleka mtoto kokote kwa gharama kubwa, mpeleke pale. Baada ya vyombo hivyo kumwonyesha alichokula baharia wa karne ya 17 na alichokinywea, mpandishe ukutani atazame chini kwenye maji. Meli iko hapo, anaiangalia bila kuiona.

Safari mashuhuri kuliko zote miongoni mwa zile ambazo hazikufanyika

Mwanzoni mwa Februari 1952, meli ya SS Gothic ilikuwa Mombasa, imepakwa rangi nyeupe na kutengenezwa upya, ikimsubiri binti mfalme Elizabeth wa Uingereza na mumewe. Kutoka hapa ilikuwa iwachukue hadi Ceylon, Australia na New Zealand. Tarehe 6 Februari baba yake akafariki, naye akawa malkia akiwa Kenya, katika nyanda za Nyeri. Alirudi London kwa ndege kupitia Entebbe. Gothic ikabaki na vyumba vyake vilivyotandikwa na wenyewe hawapo.

Yaliyofuata huwa hayasimuliwi sana hapa kwetu. Ziara ile ilipofanyika hatimaye, Novemba 1953, malkia alipanda Gothic hiyo hiyo Kingston, Jamaika. Kwa hiyo safari ya meli iliyokusudiwa kuanzia Mombasa ilikuja kuanzia Karibi.

Mgeni wa muda mfupi aliyeacha habari ndefu

Ibn Battuta alifika Mombasa kwa jahazi mwaka 1331, akielekea Kilwa. Alilala usiku mmoja. Katika usiku huo aliona ndizi na malimau, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na watu wacha Mungu waliotembea miguu mitupu na kuiosha kwa maji ya kisima kabla ya kuingia msikitini. Karibu miaka 700 baadaye bado tunamsoma. Hakuna mtalii wa siku moja aliyetulipa vizuri kama yeye.

Namtaja kwa sababu wageni wa meli za kitalii nao hukaa muda kama huo, au pungufu. Huja zaidi kati ya Novemba na Machi, majira yale yale ya kaskazi yaliyoleta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi kwenye Bandari ya Kale. Majahazi yalisukumwa na upepo, hawa wanaikimbia baridi ya kwao. Lakini tofauti kubwa ni muda. Nahodha wa jahazi alilazimika kungoja kaskazi igeuke kuwa kusi ndipo arudi kwao, basi alikaa miezi, akauza tende na mazulia, akanunua boriti, akazoeana na watu, wengine wakaoa. Mgeni wa leo ana saa chache tu, na nyingi kati ya hizo huishia ndani ya basi la kwenda Tsavo na kurudi. Sipendi hali hiyo. Mji wenye Ndia Kuu, Bandari ya Kale, milango ya nakshi na roshani za mbao unastahili zaidi ya kupitwa na basi, na wenye maduka ya Mji wa Kale wana haki ya kuuliza kwa nini ratiba haziwapi nafasi.

Bandari yenyewe imejiandaa. Gati namba 1 la Kilindini lina jengo la kupokelea abiria wa meli za kitalii, lililofanywa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya kwa ushirikiano na TradeMark East Africa. Maandalizi hayo yalikuja baada ya miaka migumu. Tarehe 5 Novemba 2005 maharamia waliishambulia kwa bunduki na roketi meli ya Seabourn Spirit, nje ya pwani ya Somalia, ikiwa njiani kuja Mombasa. Iliwaponyoka, ikageuza njia hadi Ushelisheli, na kwa miaka mingi kampuni za meli zikawa zinaiogopa bahari yetu.

Kongwe, na ukoo wake

Norwegian Dawn, yenye urefu wa karibu mita 294, imepata kufunga gati Kilindini. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya ukoo wa Meyer, na Icon of the Seas ilijengwa Turku, Finland, kwenye karakana ya ukoo huo huo. Basi chombo kongwe cha karakana hiyo ya Papenburg kiko Ziwa Tanganyika: MV Liemba. Kilitengenezwa 1913, kikafumuliwa, kikatiwa ndani ya makasha, kikapelekwa Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli hadi Kigoma, na kikaingia majini 1915. Kilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, kikainuliwa 1924, kikarudi kazini 1927. Kigoma ndiko anakoishi bibi wa meli hizo zote.

Meli za watoto

Hapa nina mbili, nazo ndizo ninazozipenda kuliko zote nilizotaja.

Ya kwanza ni SS Uganda, iliyozinduliwa 1952 kwa njia ya London hadi Mombasa kupitia Suez. Ilileta makarani, wamisionari, walowezi na familia zao. Ndege zilipoiua biashara hiyo, wenyewe hawakuiuza kama vyuma vikuukuu. Waliigeuza kuwa meli ya masomo, na kuanzia 1968 ikawa inazunguka na mamia ya wanafunzi wa shule, wenye madarasa yao na vitanda vyao humo humo. Meli ya njia ya Mombasa ikawafundisha watoto wa Uingereza jiografia kwa macho. Laiti ingewafundisha na wa Tononoka.

Ya pili ilitufikia. Logos Hope, iliyojengwa 1973 kuwa feri ya Ulaya Kaskazini, sasa ni duka la vitabu linaloelea, kubwa kuliko yote duniani ya aina hiyo, lenye vitabu vya aina zaidi ya 5,000. Ilipofika Mombasa 2023 ilikaa wiki kadhaa, na ngazi yake ilikuwa wazi kwa wananchi. Familia zilipanda. Hilo peke yake latosha kuiweka katika orodha hii, maana meli nyingine zote za abiria zinazokuja Kilindini huwa tunazitazama kutoka mbali.

Walioko Karibi tayari

Familia nyingi za Mombasa zitafika Karibi kwa picha tu, kwani nauli ni kubwa na viza ni kazi ngumu. Lakini watoto wetu wako huko. Vijana wa pwani wameajiriwa kwenye meli za kitalii kama wapishi, wahudumu wa vyumba na mabaharia wa sitaha, na Bandari Maritime Academy hapa Mombasa inawaandaa wengine. Mkataba wa kazi huwa wa miezi mingi mfululizo bila kurudi nyumbani. Mtu atandike vitanda vya familia za wengine walio likizoni huku yake ikimsubiri Majengo au Likoni: hiyo ni kazi ya heshima, na yafaa itajwe kila tunaposifu ukubwa wa meli hizo, kwa sababu bila mikono hiyo hazisogei.

Rekodi ambayo haijawekwa

Mahali pamoja katika orodha hii nimepaacha wazi: meli ya kwanza ya likizo kwa familia za pwani, yenye nauli ya mwalimu na ya muuza samaki. Si ndoto ya mbali. Miaka ya 1990 boti ya mwendo kasi ya Sepideh iliiunganisha Mombasa na Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Miaka hiyo hiyo Royal Star, meli iliyojengwa Italia 1956, iliifanya Mombasa nyumbani kwake na kuwapeleka watalii Zanzibar, Madagaska na Ushelisheli. Njia zinajulikana, na gati lipo.

Kinachotakiwa ni chombo cha kiasi, kisichozidisha abiria hata mmoja, chenye jaketi za kuokoa maisha za saizi ya watoto kwa idadi ya watoto waliomo, na ofisi ya uhamiaji iliyo tayari Kilindini na Mkoani kule Pemba siku hiyo hiyo. Kianze na likizo ya Desemba, bahari inapotulia. Mombasa hadi Lamu wiki moja, Mombasa hadi Pemba wiki ya pili. Kaunti za pwani zina jumuiya yao ya pamoja, na suala hili lingefaa kuwekwa mezani kabla kaskazi ijayo haijaanza.