Fahamu: Daktari mtafiti wa baridi yabisi ya watoto huandaliwaje?

Baridi yabisi haiwapati wazee pekee. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuamka na goti lililovimba na kukakamaa, kwa sababu kinga ya mwili wake imegeuka na kushambulia viungo vyake. Mabingwa wa kumtibu ni wachache. Wanaotibu na pia kutafiti ni adimu zaidi.

Njia ndefu

Nchini Marekani, mhitimu wa udaktari husomea magonjwa ya watoto kwa miaka mitatu, kisha mitatu mingine ya ubingwa huu. Mwaka wa kwanza wa ubingwa huishia zaidi wodini na kliniki. Miaka iliyobaki hutawaliwa na utafiti chini ya mlezi.

Utafiti wa nini?

Mfano mmoja: mwaka 1975, akina mama wa Lyme, Connecticut, walitoa taarifa kwamba watoto wengi mno mjini humo walikuwa wakiambiwa wana baridi yabisi. Allen Steere, daktari aliyekuwa bado mafunzoni katika Chuo Kikuu cha Yale, alianza kuzihoji familia, moja baada ya nyingine. Ukabainika ugonjwa unaoenezwa na kupe, uitwao Lyme hadi leo. Bakteria wake alitangazwa mwaka 1982.

Kikwazo

Fedha na muda, kama kawaida. Mikopo ya masomo huwasukuma wengi kliniki, hivyo ruzuku za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani hugharimia mafunzo. Zile za watafiti chipukizi kwa kawaida hutaka robo tatu ya muda wao wa kazi ilindwe.

Isitoshe, magonjwa yenyewe ni nadra na hospitali moja haina wagonjwa wa kutosha. Mtandao wa CARRA huziunganisha kliniki za Amerika Kaskazini zitafiti pamoja.