Kubadilisha tairodi endi ya Land Rover kuukuu

Mjomba ana Land Rover Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na ndiyo inayoshusha mahindi na wagonjwa kutoka kijijini kwetu. Likizo iliyopita usukani ukaanza kucheza: unakata kidogo, gari halijibu. Tairodi ndiyo fito inayounganisha magurudumu mawili ya mbele yageuke pamoja, na kila ncha ina kiungo chake. Kiungo kikichomoka, kila gurudumu linakwenda linakotaka. Kule kwetu upande mmoja wa barabara ni korongo.

Kupima hakuhitaji fundi. Gari likiwa chini na injini imezimwa, mtu atikise usukani kushoto kulia, nawe ushike kiungo. Kikigonga au kupanda na kushuka mkononi, kimekwisha.

Zuia magurudumu ya nyuma, piga jeki, kisha weka stendi. Jeki peke yake haitoshi, hata kama fundi wa mtaani kwenu analala chini yake kila siku. Chomoa kotapini, legeza nati ila usiitoe yote. Shina la kiungo ni jembamba upande mmoja, kwa hiyo limejikaza tunduni, na hapa ndipo wengi huanza kugonga shina lenyewe kwa hasira mpaka uzi unakufa. Gonga ubavu wa ule mkono wenye tundu, nyundo nyingine nzito ikiegemea upande wa pili. Mimi nilipiga kama robo saa, mara pwaa, likaachia! Nati uliyoiacha inazuia fito isikudondokee usoni.

Legeza kibano cha fito, halafu fungua kiungo huku ukihesabu mizunguko. Ncha moja ina uzi wa kushoto: inafunguka kwa kuzungusha upande tunaozoea kukazia. Ndiyo maana dukani nenda na kile cha zamani mkononi.

Rudisha kipya kwa mizunguko ileile. Ukikaza nati na tundu la kotapini halijalingana, ongeza kukaza kidogo, usirudishe nyuma. Kotapini iwe mpya, bei yake haifiki ya chapati. Kaza kibano.

Hesabu ya mizunguko inakufikisha gereji ya alaimenti tu, tena polepole. Tulipopima, magurudumu yalikuwa bado yamepishana kidogo, na hicho kidogo kinatosha kula matairi upande mmoja.