Kujipima Kabla ya Kukalia Kiti cha Mkurugenzi

Mkuu wa idara anayesifiwa kwa kazi yake katika Halmashauri ya Wilaya ya Ngara au Biharamulo bado anaweza kuwa hajaiva kwa ukurugenzi. Yeye hutetea bajeti ya idara yake. Mkurugenzi mtendaji, ambaye ndiye afisa masuuli na katibu wa baraza la madiwani, huamua idara ipi isubiri, kisha hujibu hoja za ukaguzi kwa niaba ya zote. Kwa kuwa uteuzi hutoka kwa Rais na aghalabu husikika ghafla, anayeutamani hana budi kujipima mapema.

Mfumo wa PEPMIS wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, uliochukua nafasi ya ule wa OPRAS, haumsaidii sana hapo. Unapima majukumu aliyo nayo leo. Kilicho bora ni kuyachukua matukio makubwa ya wilaya yake na kujiuliza angefanya nini.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ikafurika. Kwa mtu wa afya, hilo ni suala la kipindupindu. Kwa mtu wa misitu ni kuni, kwa mtu wa maji ni visima. Anayejipima aandike kwenye karatasi mambo matatu ambayo angeyafanya kwanza. Yote yakiangukia fani yake mwenyewe, amejibu kama mtaalamu.

Biharamulo nayo ina mtihani wake. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwepo kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani humo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, wagonjwa 2 walikuwa wamethibitishwa na wengine 8 kuhesabiwa kuwa huenda waliugua. Wote 10 walifariki. Swali gumu hapa halihusu tiba. Ni nani atazungumza na wafiwa kuhusu mazishi, minada itaendeleaje, na wananchi waambiwe nini wakati majibu ya maabara hayajarudi?

Majibu ya kufikirika hudanganya, kwa hiyo ushahidi utafutwe kwenye makabrasha. Mihtasari ya vikao vya menejimenti ya mwaka mzima itaonyesha ni mara ngapi mhusika alichangia hoja isiyo ya idara yake. Siku alizokaimu ukurugenzi zina mengi zaidi: je, aliamua jambo, au aliyaacha madokezo mazito mezani hadi mkurugenzi mwenyewe arudi? Na akienda likizo, simu ikalia kila saa kuuliza mafuta ya gari yaidhinishwe na nani, basi hajamwandaa mtu.

Mwenzake mmoja, hasa wa idara aliyowahi kugombana nayo, apewe maswali hayohayo amjibie. Wanapotofautiana, jibu la mwenzake huyo ndilo la kuanza nalo.